Gome la Muthiga: Namna ya Kulitoa na Kulitengeneza bila Kuua Mti

Mti uitwao muthiga kwa Kikikuyu wajulikana sana na watu wa Nyeri, Karatina, Kerugoya na miji mingine iliyo kandokando ya Mlima Kenya. Wataalamu wa mimea huuita Warburgia ugandensis. Majani yake hung'aa upande wa juu, na gome lake ni kali kama pilipili. Tangu zamani wazee hutafuna kipande kidogo cha gome hilo washikwapo na kikohozi, maumivu ya jino au ya tumbo. Dawa hiyo ni urithi mwema. Lakini mara nyingi aitafutaye huuacha mti ukifa nyuma yake.

UKALI WA GOME

Ukali huo si bure. Katika miaka ya 1970 wataalamu walioshirikiana na taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Nairobi walipata katika magome ya miti ya jamii hii kitu kilichopewa jina la warburganali. Majani yalipopakwa kitu hicho, viwavijeshi walikataa kuyala. Tangu hapo uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba baadhi ya vitu vilivyomo gomeni huzuia kuvu na vijidudu visiongezeke. Lakini msomaji asidanganyike: kuzuia vijidudu katika chupa ya maabara si sawa na kuponya ugonjwa mwilini mwa mtu.

KWA NINI MTI HUFA

Majani ndiyo jiko la mti. Chakula kipikwacho huko hushuka hadi mizizini kwa kupitia tabaka laini la ndani ya gome. Mtu akibandua gome pande zote kuuzunguka mti, njia hiyo hukatika. Kwa muda mti waweza kuonekana mzima, kwa kuwa maji bado hupanda katika mbao. Kumbe mizizi inakufa njaa, na mwisho mti wote hukauka. Hivyo ndivyo ulivyopatwa pia muiri, mti mwingine wa misitu ya Mlima Kenya, ambao gome lake lilinunuliwa kwa wingi na watengenezaji wa dawa wa Ulaya. Tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa.

NAMNA YA KULITOA

Kwanza, awepo mtu aujuaye mti vizuri. Gome la mti usiojulikana lisionjwe kamwe.

Pili, kwa matumizi ya nyumbani ni afadhali kukata tawi moja na kulitoa gome lake, kuliko kulijeruhi shina.

Tatu, ikibidi kulitoa shinani, utolewe ukanda mwembamba wa kusimama, upande mmoja tu, kwa kisu kikali na safi. Mti uachwe upumzike hadi kidonda kizibe kabisa, na mti mchanga usiguswe.

Nne, katika msitu wa serikali hapana ruhusa ya kujichukulia tu. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 yatoa nafasi kwa vyama vya wanakijiji vilivyopatana na Shirika la Huduma za Misitu kuokota dawa za miti kwa utaratibu.

MATENGENEZO NYUMBANI

Gome lisafishwe, likatwe vipande vidogo, na lianikwe kivulini penye hewa hata livunjike likikunjwa. Lililoota ukungu litupwe. Likisha kukauka huwekwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, na jina lake liandikwe juu ili mwingine asije akakosea. Watu hutafuna kipande kidogo na kumeza mate yake, au husaga unga na kutia kidogo katika maji ya moto.

Kipimo chake hakijathibitishwa kwa uchunguzi kama vipimwavyo vidonge vya hospitali. Kwa hiyo kuongeza dawa si kuongeza nafuu. Wajawazito na watoto wachanga wasipewe. Atumiaye dawa za hospitali amwambie daktari.

Jambo kubwa zaidi ni hili: mwenye homa kali apimwe damu upesi, kwani malaria haingoji. Kikohozi kinachopita majuma mawili chaweza kuwa kifua kikuu, nacho hutibiwa hospitalini. Kutafuna gome huku siku zikipita kumewapotezea wengi wakati wa kupona.

KUPANDA

Wahenga walisema akiba haiozi; lakini mbegu ya muthiga si akiba ya kuwekwa kabatini. Ikikauka hufa. Tunda likiiva, mbegu zitolewe, zioshwe na kupandwa mara moja katika kitalu chenye kivuli na unyevu. Nchini Zimbabwe mti wa ukoo mmoja na muthiga ulikaribia kutoweka porini kwa sababu ya kubanduliwa, na watu wakaanza kuupanda mashambani mwao.

Mwenye shamba Nyeri au Embu aweza kufanya vivyo hivyo mpakani mwa shamba lake. Mti mmoja uliotunzwa vema huwapa jamaa magome na majani kwa miaka mingi, wala haimlazimu mtu kuingia msituni na panga.