Bima Imeikataa Dawa Yako? Usiondoke Dirishani Kimya

Umetoka kwa daktari, hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee kule Mkoani, cheti mkononi. Dirishani unaambiwa: "Hii bima hailipi." Wengi wetu hapa Pemba huitikia "haya", tukaingia mfukoni na kwenda duka la dawa. Usikubali upesi hivyo.

1. Uliza sababu, uandikiwe. Huenda dawa haimo kwenye kitita, yaani orodha ya zile bima inazolipia. Huenda imo, ila hospitali ya ngazi ile hairuhusiwi kuitoa, au inataka kibali kwanza. Na huenda imekwisha stoo tu! Hapo hujakataliwa: mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, huomba fomu ya 2C, akachukulie dawa kwenye duka lenye mkataba na Mfuko.

2. Jua bima yako ni ya nani. Mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar (SMZ) yuko chini ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, ulioundwa kwa sheria ya 2023. Wa taasisi za Muungano kwa kawaida yuko NHIF. Kampuni binafsi ni mlango mwengine.

3. Rudi kwa daktari. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote. Anayeamua ofisini hajakuona; anachokisoma ni karatasi. Muombe daktari aandike ugonjwa wako, jina lenyewe la dawa badala ya jina la kibiashara (metformini, si Glucophage), dawa ulizotumia kabla zikakudhuru au zisikufae, na madhara ya kuikosa hii. Muulize pia, bila ya haya, kama kwenye kitita kuna nyengine ya kazi ile ile. Pengine mambo yakaishia hapo. Ikiwa tatizo ni ngazi ya hospitali, omba rufaa ya maandishi, na usipande boti ya Unguja kabla hujaishika.

4. Mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha cheti, barua na risiti. Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia.

5. Andika barua kwa mfuko. Ukurasa mmoja unatosha: nambari ya kadi, dawa, sababu uliyopewa, maelezo ya daktari. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. NHIF hupigiwa bure kwa 199. Kampuni binafsi ikikaidi, wapo TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

6. Usikatishe dozi. Presha, sukari na kifafa havingoji majibu ya barua. Ukiweza, nunua ya siku chache, tunza risiti, na uulize mfuko kama fedha hurejeshwa. Ukishindwa, mwambie daktari siku ile ile.

Na kama mgonjwa ni bibi au mzee asiyejua kusoma, tafadhali, mfuateni hadi dirishani mkamuulizie.