Somo: Kupanda Miti Penye Udongo wa Mfinyanzi



Wengi wetu tunaokaa kambi za mashamba tumeachiwa udongo wa mfinyanzi, unaotuamisha maji wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Mimi nilichimba mashimo ya futi 2 nikapanda miparachichi 6. Mvua ilipokuja majani yakawa manjano, miti yote ikafa. Nilidhani ni wadudu. Kumbe mizizi ilikosa hewa, ikaoza. Shimo la mfinyanzi ni kama ndoo: maji huingia, hayatoki.

Kwanza pima. Chimba shimo la futi 1, ulijaze maji. Yakiisha, lijaze tena. Ikiwa kesho yake maji bado yamo, usipande humo.

Fanya hivi:

1. Inua tuta la udongo wa juu na samadi iliyooza, kimo futi 1, upana futi 4. Panda juu yake.

2. Chimba mfereji wa kutoa maji kuelekea bondeni.

3. Usitie mchanga kidogo, utapata tofali.

4. Tandaza nyasi kavu, zisiguse shina.

5. Usikanyage udongo uliolowa.

Mpera huvumilia maji. Mparachichi na mpapai haivumilii.

La mwisho: mti huchukua miaka kuzaa, na nyumba ni ya kampuni. Kabla ya kupanda, kamati ya tawi ipatane na meneja kwa maandishi: matunda ni ya nani, na anayehama atalipwa nini? Neno la mdomo halitoshi.