JESHI LA UDONGO NA HESABU YA WAPAGAZI

Huenda ukacheka ukisikia kwamba kijana wa kidato cha tatu, mwenye miaka kumi na sita na ndevu mbili tatu kidevuni, bado anafinyanga askari wa udongo. Cheka tu. Hata darasani walinicheka, mpaka siku ya maonyesho ya chama chetu walipoanza kusukumana wapate nafasi karibu na meza. Katika makala haya nataka kueleza jinsi jeshi dogo la mezani linavyotengenezwa na linavyochezwa, kisha nieleze hesabu moja iliyoniharibia jeshi langu.

Mchezo wenyewe si wa watoto peke yao. Kufikia mwaka wa 1824 maofisa wa Prussia, dola ambayo baadaye iliungana na nyingine kuwa Ujerumani, walikuwa wakijifunza vita juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu. Mwaka wa 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutengeneza askari wadogo wa madini ya risasi, wenye uwazi ndani ili wawe wepesi na wa bei nafuu. Kisha mwaka wa 1913 H. G. Wells, yule mwandishi wa hadithi za kisayansi, akatoa kitabu Little Wars chenye kanuni za kupigana vita sakafuni. Mwaka mmoja baadaye vita vya kweli vikaanza, navyo havikukaa Ulaya tu, vilifika mpaka Taveta na Tanga.

Huko ng'ambo watu hununua askari hao kwa mamia na kuwapaka rangi. Mimi sina pesa hizo, lakini hapa Kedowa udongo tunao. Mimi huuchimba kwenye kijito kilicho chini ya shamba letu, nikaondoa mizizi na mawe, nikauchanganya na mchanga kidogo uliochekechwa. Usipotia mchanga utapasuka, asikwambie mtu. Mtu wa mita 1.75 nikimpunguza mara 50 anakuwa na sentimita 3.5, basi huo ndio urefu wa kila askari. Bunduki ni kijiti cha mchai uliopogolewa. Wakaushe kivulini siku nne, si juani, kisha uwafukie katika makaa ya jiko usiku kucha. Kati ya kumi, wawili watavunjika. Kila mmoja nilimsimamisha juu ya kifuniko cha soda, na rangi yangu ni masizi, majivu na rangi ya viatu ya kahawia.

Sanamu moja huhesabiwa kuwa watu 100. Hapo ndipo mchezo unapokuwa somo la historia. Vita tulivyoanza navyo, mimi na rafiki yangu tunayekaa dawati moja, ni vya Tanga vya Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka India. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, wengi wao Waafrika. Kwa hivyo mezani ni sanamu 80 dhidi ya 10. Rafiki yangu alikataa kabisa kushika zile kumi, eti namwonea. Nikazishika mimi, nikamshinda! Siri ni kwamba askari wa Lettow waliletwa kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi, nao Waingereza walikawia kushuka melini. Tuliweka pia kanuni ya nyuki, maana siku ile nyuki walitoka mizingani wakawauma watu vichakani. Ukitupa dadu mbili zikatoka sita na sita, sanamu zilizo karibu na mizinga zinakimbia, za nani si hoja.

Sasa, jioni moja nilikuwa nimepanga askari wangu sakafuni nyumbani. Babu yangu, ambaye sisi humwita kugo, akaingia na fimbo yake, akawatazama kwa muda mrefu. Ujanani alikuwa akipakia magunia ya viazi. Akaniuliza, "Hawa wote wana bunduki?"

"Ndiyo, kugo."

"Na chakula chao kimebebwa na nani?"

Nilitaka kumjibu nikakosa la kusema. Nilikuwa na sanamu 90, zote za watu wenye bunduki. Kugo alikwenda zake kunywa chai.

Kesho yake tulikaa na rafiki yangu tukapiga hesabu. Jeshi linakula vizuri penye reli, kama hii yetu inayopita hapa Kedowa, iliyofika Kisumu mwaka wa 1901. Reli ikiisha, mzigo unapanda kichwani mwa mtu. Farasi, nyumbu na maksai walikuwa wakiuawa na mbung'o, na mvua ilizamisha malori matopeni.

Tukachukulia kwamba mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na kila mtu, awe askari au mpagazi, anakula kilo moja kwa siku. Kambi ikiwa mwendo wa siku 5 kutoka relini, mpagazi atakula kilo 5 akienda na 5 akirudi, atafikisha 15. Askari 1,000 wanataka kilo 1,000 kila siku, kwa hivyo wapagazi kama 67 lazima waondoke kila siku. Kila mmoja hukaa njiani siku 10, basi walio njiani kwa wakati mmoja ni 670. Hizo ni sanamu 7 kwa sanamu 10 za askari. Si mbaya.

Sogeza kambi mpaka siku 10. Mpagazi anakula kilo 20, anafikisha 5. Sasa wanaondoka 200 kila siku, na walio njiani ni 4,000, yaani sanamu 40. Sogeza mpaka siku 12. Anafikisha kilo moja tu! Walio njiani ni 24,000, yaani sanamu 240 za kulisha askari wangu kumi. Na siku ya 13? Anahitaji kula kilo 26 naye amebeba 25. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea.

Hesabu yetu ni ya kitoto, lakini historia haiko mbali nayo. Katika vita vile Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na chakula kibaya, si kwa risasi. Kwa kipimo chetu hizo ni sanamu 900 za maiti. Majina Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yanatokana nao. Tulipokwenda Nairobi kwa ziara ya shule niliziona sanamu tatu za mnara wa 1928 katika Barabara ya Kenyatta. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Nilikuwa nimempita bila kumtazama, nikapigwa picha mbele ya yule wa bunduki.

Maonyesho yalikuwa yamebaki siku tisa, na udongo niliokuwa nao haukutosha. Nikaamua kuwang'oa bunduki askari wangu 40 na kuwabandika punje ya mahindi kichwani kwa gundi. Rafiki yangu alikasirika kwelikweli. Alisema hao si jeshi, hawapigani, na kwamba nimeharibu kazi ya muhula mzima. Hatukusemezana siku mbili. Siku ya tatu alikuja na mkebe wa punje, zote za ukubwa mmoja, amezichagua mwenyewe.

Siku ya maonyesho kila mgeni alipewa askari 10 na wapagazi 40, akaulizwa atakwenda mbali kiasi gani kutoka relini. Karibu wote walitaka kusonga mbele. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza alifika siku ya 12, akainua kichwa akauliza wale wapagazi wengine 200 wako wapi.

Mpaka sasa nimefinyanga 31. Mwenye udongo mzuri aniambie.