Nafasi ya Nadharia katika Uchanganuzi wa Maudhui: Mfano wa Utendi wa Mwana Kupona

Aghalabu tasnifu za fasihi hueleza nadharia kwa mapana na marefu katika sura ya kwanza, kisha nadharia hiyo isisikike tena hadi hitimisho. Katika sura ya uchanganuzi huandikwa tu kwamba maudhui “yalijitokeza” katika data. Makala haya yanadai kuwa maudhui hayajitokezi yenyewe. Huteuliwa na mtafiti mwenye swali, na nyuma ya swali hilo pana nadharia, iwe imetajwa au imefichika.

Virginia Braun na Victoria Clarke, katika makala yao ya mwaka 2006, walibainisha njia mbili: inayoanzia kwenye data na inayoongozwa na nadharia. Walisisitiza kwamba hata katika njia ya kwanza mtafiti hawezi kujivua kabisa misimamo yake.

Utendi wa Mwana Kupona, wasia wa mama kwa bintiye uliotungwa mnamo mwaka 1858 katika visiwa vya Lamu, unadhihirisha hoja hii. Mhakiki anayeongozwa na ufeministi atateua beti zinazomwagiza mke kumtii na kumhudumia mumewe, na kuibua maudhui ya mamlaka ya mume. Anayeongozwa na Umaksi atasita kwenye onyo la kutochangamana na watumwa ila wakati wa kazi, na kuibua maudhui ya tabaka.

Je, ina maana kwamba kila mhakiki huona atakalo? La hasha. Nadharia huihoji matini, nayo matini huijaribu nadharia. Mfeministi anayetafuta mwanamke aliyenyamazishwa atakutana na mtunzi mwanamke anayemtaka bintiye atwae wino na karatasi, na anayewaita wanawake wausome utendi wake. Beti hizo hazitoshei katika maudhui ya utiifu. Akizipuuza, nadharia imemfumba macho. Akizikabili, atalazimika kuuliza vipi utiifu wa mke na mamlaka ya mwanamke mtunzi vinakaa pamoja katika utendi mmoja. Swali hilo lina uzito kuliko lile aliloanza nalo.

Kwa hivyo, haitoshi mtafiti kuitaja nadharia na waasisi wake. Yampasa aonyeshe nadharia ilimfanya aulize nini, aliteua beti zipi kwa kuifuata, na zipi zilimlazimisha kuifikiria upya.