Saratani ya Damu Baada ya Upandikizaji: Kuitafuta Chuya Katika Mchele

Mnunuzi wa mchele katika Soko la Kariakoo huchota kiganja kimoja na kukitazama kama kina chuya. Asipoiona hata moja, amekijua kiganja. Gunia bado hajalijua. Ndivyo ilivyo kwa saratani ya damu: damu kuonekana safi chini ya darubini si ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha.

Lukemia inapogunduliwa, mwili waweza kuwa na seli za saratani zipatazo trilioni moja. Baada ya tiba, mtaalamu wa maabara huhesabu kwa darubini mamia ya seli za uboho. Seli changa za saratani zikiwa chini ya asilimia 5, na damu ikirejea katika hali yake, ugonjwa huhesabiwa kuwa umetulia. Hata hivyo, mabilioni ya seli hizo huenda yamesalia.

Katika upandikizaji, uboho wa mgonjwa huondolewa nguvu kwa dawa kali au mionzi, kisha mgonjwa hupewa seli shina za mtoaji, aghalabu ndugu wa tumbo moja. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza huduma hiyo mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Wagonjwa wa saratani ya damu wamekuwa wakiifuata nje, hasa India, kisha hurudi nyumbani kufuatiliwa.

Ufuatiliaji huo hutegemea alama ya jeni. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika lukemia sugu ya mieloidi. Mwaka 1973, Janet Rowley alionyesha kuwa kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande. Maungio hayo huzaa jeni ya BCR-ABL. Kipimo cha PCR huinakili alama yake maradufu, tena na tena, hata iweze kuonekana ijapokuwa seli ya saratani ni moja kati ya 100,000. Hiyo ni sawa na chuya moja katika kilo mbili na zaidi za mchele. Mashine ya GeneXpert, inayofahamika kwa kupima kifua kikuu, nayo huweza kufanya kazi hii.

Kipimo kingine hulinganisha vinasaba ili kujua ni kiasi gani cha damu kinatokana na mtoaji na kiasi gani kimerudi kuwa cha mgonjwa.

Alama ikipanda, daktari hurudia kipimo ili kuthibitisha. Ikithibitika, huweza kupunguza dawa za kutuliza kinga, kuanzisha vidonge vinavyolenga jeni hiyo, au kuomba chembe nyeupe za mtoaji. Hatua hizi hufaa zaidi seli zikiwa chache, wakati mgonjwa bado anajisikia mzima na anafungua duka lake kila asubuhi. Kwa hiyo kuwa na nguvu si sababu ya kuahirisha kliniki.

Mambo mawili yazingatiwe. Alama ya ugonjwa sharti itambuliwe kabla ya tiba. Anayetibiwa nje arudi na ripoti yake. Pili, RNA huharibika upesi, hivyo damu iliyotolewa ifikishwe maabara bila kukawia.

Ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwulize daktari: alama yake ni ipi, kiwango cha mwisho kilikuwa kipi, na kipimo kijacho ni lini?