Je, gegedu la goti laweza kuoteshwa upya?

SWALI: Gegedu la goti likiumia kwenye mpira, madaktari wanaweza kuotesha jingine?

JIBU: Wanaweza, kwa kiasi. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana jeraha lake haliponi lenyewe vizuri.

Mwaka 1994, Mats Brittberg na wenzake wa Gothenburg, Sweden, walichapisha matokeo ya wagonjwa 23. Walikata kipande kidogo cha gegedu zima kwenye goti la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakazidunga kwenye jeraha lililofunikwa kwa utando wa mfupa. Kati ya 16 walioumia mwisho wa mfupa wa paja, 14 walipata nafuu nzuri. Nyuma ya pia ya goti hali ilikuwa nyingine kabisa: 2 tu kati ya 7. Mahali pa jeraha pana uzito mkubwa, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hilo kabla ya kisu.

Siku hizi seli hupandikizwa juu ya utando wa kolajeni. Ule wa tiba iitwayo MACI, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016, hutokana na nguruwe. Mwislamu aulize mapema. Tiba hii hulenga jeraha lenye mipaka, si goti lililolika lote.