Darasa Lililoomba Radhi Likanyamaza

*Bwana Mshauri, nafundisha hesabu Kidato cha Pili. Wanafunzi walinichora ubaoni kwa kejeli. Kiranja akaniomba radhi kwa niaba yao, nikakubali. Tangu siku hiyo hakuna anyooshaye mkono. Je, wana kinyongo? — Mwalimu, Tanga*

Mwalimu mpendwa, kimya hicho kinachokutia wasiwasi aghalabu hutokana na haya iliyochanganyika na khofu, kwani radhi iliyoombwa na mmoja kwa ajili ya wote humwacha kila mwanafunzi akijiuliza kama naye yumo katika msamaha ule au amesazwa. Usiwakusanye tena kwa hotuba. Hotuba, kwa maoni yangu, zimeharibu masikizano mengi kuliko kejeli zenyewe. Mwite faraghani yule aliyechora, ikiwa wamjua, umwache aseme mpaka amalize pasipo kumkatiza, kisha kesho yake umpe chaki akokotoe hesabu kwenye ubao ule ule, na daftari lake ulisahihishe kwa insafu ile ile ya zamani, wala kosa lile usilitaje tena, hata kwa mzaha. Iwapo muhula utakwisha nao wangali kimya, au mmoja wao akaanza kutoroka masomo, mshirikishe mwalimu wa ushauri na unasihi, pamoja na mzazi wa mtoto, bila ya kukawia.